Unataka Kusoma Sanaa na Mengineyo? Soma Haya Kabla ya Kujaza Fomu

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, simu yangu hailali. Vijana wa Matombo, Mkuyuni na Kiroka walio na namba yangu huniita mjomba, na kwetu Uluguru mjomba hakwepi swali. Swali lao ni moja, hubadilisha nguo tu: "Mjomba, nataka kufanya filamu." Mwingine muziki, mwingine kubuni matangazo. "Nasikia chuoni unaweza kuchanganya sanaa, lugha, biashara na kompyuta ndani ya shahada moja. Nikasome hiyo?" Mama mmoja alinipigia akiwa juu ya bodaboda, upepo ukivuma kwenye simu, akauliza kwa mkato: "Ina kazi au haina?"

Nimeona niandike, kwa sababu kumjibu mmoja mmoja kunamaliza bando.

Jibu langu ni kwamba masomo mseto humfaa anayeingia chuoni tayari ana fani moja anayoifanyia kazi kwa mikono yake, hata kama bado anaifanya vibaya. Huyo kila somo la pembeni litamwongezea kitu. Anayekwenda chuoni akitumaini fani itamkuta huko huko ataonja vyungu vinne na kutoka na njaa. Mengine yote hapa chini ni namna ya kufanya.

## Hiyo shahada iko wapi hasa?

Usitafute shahada yenye jina hilo. Hapa kwetu mseto unaujenga mwenyewe kwa kuchagua shahada mama, kisha kozi za hiari za kuizunguka. Milango ninayoijua ni hii:

- Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sanaa za maonyesho zinafundishwa pale tangu miaka ya 1960. Leo Idara ya Sanaa za Ubunifu ina maonyesho, muziki, sanaa za ufundi, filamu na televisheni. Faida yake kubwa ni majirani: lugha, fasihi, historia na uandishi wa habari vyote viko chuo kimoja.
- Chuo Kikuu cha Dodoma. Nacho kina maonyesho, filamu na sanaa za ufundi.
- Tumaini Makumira, karibu na Arusha. Kwa anayeutaka muziki kwa dhati.
- TaSUBa, Bagamoyo. Hiki si chuo kikuu. Kilianza 1981 kama Chuo cha Sanaa, na kinatoa astashahada na stashahada. Nitakirudia mwishoni, maana wengi wanakidharau bila kukijua.
- Vyuo vya hapa hapa Morogoro. Sokoine kuna shahada ya utalii. Mzumbe kuna sheria na biashara. Kijana anayepiga picha vizuri halafu akasoma utalii Sokoine hajapotea njia.

Vigezo vya kila kozi vimo kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili ambacho Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hukitoa kila mwaka. Kiwango cha chini kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu mkuu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4, kwa hesabu ya A kuwa 5 na E kuwa 1. Kozi nyingine zinadai zaidi, au zinataja masomo maalumu. Soma kitabu cha mwaka wako, usitumie cha kaka yako.

## Kwa nini kuchanganya, na si kukomaa na kitu kimoja?

Kwa sababu kazi zenyewe zimechanganyika. Chukua *Vuta N'kuvute*, filamu ya Amil Shivji iliyotoka 2021 na kuonyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi, nayo inaturudisha Zanzibar ya miaka ya 1950. Hebu hesabu kazi zilizo ndani yake. Riwaya lazima igeuzwe kuwa mswada wa filamu. Hiyo ni fasihi. Mtu lazima ajue enzi hizo watu walivaa nini, duka lilipangwaje, askari wa kikoloni alizungumzaje. Hiyo ni historia. Kuna haki za kitabu, kuna mikataba, kuna bajeti. Anayejua kamera peke yake hapo ni kibarua mmoja kati ya wengi.

Au mtazame Profesa Penina Muhando Mlama, mzaliwa wa Berega, mkoani kwetu hapa, 1948. Alisomea sanaa za maonyesho na ualimu, lakini udaktari wake ni wa lugha na isimu. Akaandika tamthilia, akafundisha, na mwaka 1996 yeye na wenzake chuoni wakaanzisha mradi wa Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari hutumia maigizo kusema yanayowakwamisha shuleni. Baadaye aliongoza FAWE, shirika la elimu ya wasichana Afrika lenye makao Nairobi. Alipohamia kwenye elimu hakuacha maonyesho nyuma; alikwenda nayo. Fani ilikuwa moja, elimu nyingine zikaipanulia uwanja.

## Jaribio la kufanya kabla ya fomu

Kati ya mtihani wa mwisho na dirisha la maombi kuna miezi. Wengi huimalizia kwenye simu. Wewe itumie kukamilisha kazi moja. Nimesema kukamilisha.

1. Chagua kitu kidogo kilicho karibu. Filamu ya dakika tano juu ya uvunaji wa karafuu au mdalasini. Bango la duka la Mkuyuni. Mchezo wa redio wa kurasa nane. Wimbo mmoja uliorekodiwa ukasikika vizuri.
2. Jiwekee siku ya mwisho, na mtu wa kumkabidhi. Mtu huyo asiwe rafiki yako. Rafiki atasema "kali sana" na hutajifunza kitu.
3. Omba malipo, hata 5,000. Mtu akitoa pesa ndipo anaposema anachokitaka kwa kweli.
4. Andika ulipokwama. Sauti ilikuwa mbaya? Hadithi haikwenda? Hukujua bei ya kutoza? Mteja alikuzungusha?

Karatasi hiyo ya namba 4 usiitupe. Ndiyo itakayokuchagulia kozi za hiari. Aliyekwama kwenye hadithi anahitaji fasihi, na aliyezungushwa na mteja anahitaji sheria na biashara.

Na kama miezi imepita hukumaliza hata bango? Simaanishi huna kipaji. Ila usichukue mkopo wa miaka mitatu juu ya kitu ambacho hujaweza kukifanya wiki sita bila kusimamiwa.

## Kupanga kozi ukishafika

Wiki ya kwanza wanafunzi hujisajili kwa kufuata marafiki, au kwa tetesi kwamba mhadhiri fulani "anatoa A". Usifanye hivyo. Kila muhula jiulize maswali matatu, naona yanatosha:

- Ni kozi ipi inanifanya nitengeneze kitu?
- Ni kozi ipi inanifundisha pesa, mikataba au watu?
- Ni kozi ipi inanipa cha kusema, yaani lugha, historia, fasihi, mila?

Swali la kwanza lisikose jibu hata muhula mmoja. Mawili yaliyobaki yanaweza kupishana. Mwanafunzi aliyejaza la tatu peke yake anatoka na maneno mazuri na mikono mitupu, na hao nimekutana nao wengi. Tena wanaongea vizuri kuliko sisi.

Angalia mitego hii:

- Ratiba kugongana. Kozi ya idara nyingine inaweza kuangukia saa ile ile ya mazoezi ya jukwaani. Chukua ratiba za idara zote mbili kabla ya kujisajili.
- Kozi tangulizi. Nyingine hazikupokei mpaka uwe umesoma ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mseto wa mwaka wa tatu hupangwa mwaka wa kwanza.
- Kazi za vitendo zinakula usiku. Maonyesho na filamu hufanyika kwa makundi. Mwenzako akichelewa, mnachelewa wote. Usipange kozi mbili za namna hiyo pamoja na somo la hesabu unaloliogopa. Sapu, yaani mitihani ya marudio, hazina huruma, na kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, mwaka wa pili kwa sababu ya kozi ya hiari ni aibu isiyo na maana.
- Mafunzo kwa vitendo. Usiende "field" mahali pa kupiga muhuri tu. Afadhali redio ndogo watakayokutuma kuhariri habari kila siku kuliko kampuni kubwa utakayokaa ukimpelekea bosi chai. Omba nafasi mapema, kabla orodha ya chuo haijajaa.

## Pesa, na neno kuhusu shamba

Ombi la mkopo hupelekwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, nalo ni tofauti na ombi la chuo. Kuna waliopata chuo wakasahau Bodi. Mkopo una vifungu vyake: ada, chakula na malazi (ndilo bumu lenyewe), vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, na mafunzo kwa vitendo. Si kila mtu hupata vyote wala kwa asilimia mia. Miongozo ya Bodi hupanga kozi kwa makundi ya kipaumbele, na sayansi, afya na uhandisi hutangulia. Sanaa haiko mstari wa mbele. Pangeni bajeti ya familia mkilijua hilo.

Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Usidhani aliyejiajiri amesamehewa, naye hulipa. Wasanii wengi hulikumbuka hilo wanapodaiwa.

Gharama ambayo haimo kwenye fomu yoyote ni vifaa. Kompyuta mpakato inayoweza kuhariri video si ile ya kuandikia barua tu. Kamera ni ghali. Ushauri wangu ni kwamba usinunue kamera mwaka wa kwanza. Azima ya idara, jua kwanza unachokipiga, halafu nunua iliyotumika kutoka kwa mtu unayemjua. Kinasa sauti kizuri na maikrofoni ndogo vinunue mapema. Watazamaji huvumilia picha yenye giza, lakini sauti mbovu huwafukuza.

Sasa neno gumu. Kila mwaka nasikia familia iliyotaka kuuza kipande cha shamba ili mtoto aende chuo. Wazee wangu, mnajua kwetu ardhi inafuata upande wa mama. Baba mwenye uchungu wa elimu ya mwanawe hawezi kuamka akauza ardhi ya ukoo wa mkewe, wala kijana hawezi kuidai kama ada yake. Kabla mtu hajatamka neno kuuza, wajomba wakae. Na mimi nikikaa nao nitasema wazi: msiuze. Migomba, mananasi na pilipili manga hutoa pesa kila msimu. Shamba likiuzwa limeuzwa. Lipeni ada kwa awamu, au mtoto aanze na stashahada ambayo mtaimudu.

## Mnayoniambia kila mara

"Wasanii wakubwa hawakusoma chuo." Kweli. Mbaraka Mwinshehe aliipeleka Morogoro Jazz hadi Osaka, Japani, mwaka 1970, na wala hakuhitaji shahada. Salum Abdallah wa Cuban Marimba hali kadhalika. Lakini wakati wao mwanamuziki aliishi ndani ya bendi. Bendi ilikuwa na vyombo, wakubwa wa kukufundisha na mtu wa kushika mapato. Wewe una simu na chumba cha kupanga. Kazi iliyofanywa na bendi nzima lazima uifanye peke yako, au usomee sehemu yake. Ukipata kundi zuri la kukulea kesho asubuhi, nenda, chuo kitakusubiri.

"Wazazi wanataka ualimu, una uhakika." Uhakika huo ulikuwa wa zamani, waliohitimu ualimu na wanasubiri ajira mnawajua kwa majina. Lakini usimkejeli mzazi. Mwambie kwamba sanaa pamoja na ualimu ni njia halali, na shule zinazofundisha sanaa na muziki zinahitaji walimu. Kisha mwoneshe ile kazi uliyolipwa 5,000. Mzazi wa Matombo huamini noti kuliko hotuba.

"Binti yetu ataharibika huko." Hofu hii siicheki. Studio za usiku, safari za kurekodi, bosi anayetaka "tukutane hotelini tuzungumze mkataba": yote hayo yapo. Binti asiende mahojiano peke yake, asisaini kitu siku ile ile, na mikutano iwe ofisini mchana. Kumzuia asisome hakumlindi. Kujua sheria kunamlinda zaidi.

## Utakachobeba kutoka nyumbani

Vijana wa milimani wanakwenda Dar es Salaam wakiona aibu kusema Kiluguru, na hicho ndicho wenzao darasani hawana. Unajua hadithi za bibi yako, unajua ngoma ya mavuno, unajua namna kikapu kinavyosukwa na karafuu inavyoanikwa. Mswada unaotoka hapo hautafanana na wa mtu mwingine. Ila kuna mipaka mitatu.

*Usirekodi kilichofichwa.* Mambo ya mwali na unyago si mali ya kamera. Hata kinyago cha mwana hiti, kinachofahamika kwa Wazaramo, Wakwere na sisi Waluguru, kina mahali pake na watu wake. Ukiambiwa hapana, zima simu. Usijifanye umezima.

*Omba ruhusa, na ulipe.* Mzee aliyekuimbia saa mbili hakukupa zawadi, amekufanyia kazi. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda pia sanaa za jadi: ukitaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake, ruhusa hutoka Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Wanafunzi wengi hawalijui hili mpaka wapate matatizo.

*Linda na ya kwako.* Kazi yako unayoitunga inalindwa na sheria hiyo hiyo maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo kwa ajili ya kuisajili. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika vipindi kumi na vitatu vya mchezo wa redio kwa kampuni moja, sitaitaja. Sikuwa na mkataba. Nilikuwa na urafiki. Vipindi vilirushwa, vikarudiwa, na mimi nikalipwa nauli. Nilikuwa nimesoma fasihi miaka mitatu bila hata kozi moja ya sheria.

## Makosa ninayoyaona kila mwaka

- Kuomba chuo kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne tofauti na ile uliyoombea mkopo. Mifumo haikutambui.
- Kuchaguliwa vyuo viwili na kutothibitisha. Hutumiwa namba ya siri kwa ujumbe wa simu. Ukibadili laini katikati, umepotea.
- Kumpa mtu wa steshenari akujazie kila kitu, tena kwa barua pepe na nywila zake mwenyewe. Kaa pembeni yake, tumia barua pepe yako.
- Kuhifadhi kazi zote kwenye fleshi moja. Fleshi hufa. Weka nakala sehemu mbili, na moja isiwe chumbani kwako.
- Kumaliza chuo bila kazi tatu za kuonesha. Cheti hukaguliwa baadaye. Kwanza wataomba kuona ulichofanya.

## Na aliyekosa pointi?

Huyu ndiye hunipigia kwa sauti ya chini, na mara nyingi ndiye mwenye kipaji zaidi. TaSUBa ya Bagamoyo ipo. Kidato cha nne kinakufungulia astashahada, kisha stashahada, na ukitoka na wastani wa GPA 3.0 au zaidi unaweza kuomba shahada. Utakuwa umechelewa miaka michache, lakini utaingia chuo kikuu unajua kupanga taa, kushona vazi la jukwaani au kupiga ngoma tano. Nikipewa wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza, mmoja wa kidato cha sita na mmoja wa kutoka Bagamoyo, najua nitamkabidhi nani jukwaa. Kuna pia kozi ya awali ya Chuo Kikuu Huria, ambayo unaweza kuisoma ukiendelea na shughuli zako.

Kitu kimoja usingoje matokeo kukifanya. Chukua cheti chako cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, viweke pamoja mezani, soma majina herufi kwa herufi. Kimoja kikisema Zainabu na kingine Zainab, au jina la babu likiwa limehama, Bodi itakurudisha. Marekebisho huanzia kwa msajili wa vizazi na vifo wilayani, na huchukua muda mrefu kuliko dirisha la maombi. Panda basi la alfajiri, na ubebe kitambulisho cha mama.